Halua Niliyoipeleka Mkutanoni

Wadogo zangu mnaopanga mabegi kwenda Dubai kushika kazi ya pantri, msicheke nikijiita mstaafu. Nina miaka thelathini na minne, magoti yangu mazima, na hoteli yangu ya chai hapa Likoni bado iko kichwani tu, ingawa huko kichwani nimeshaipaka rangi na kuchagua viti. Lakini zaidi ya miaka kumi ya kuwapikia watu chai juu ghorofani ni umri wa mtu mzima. Nimestaafu. Nipeni heshima yangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana mkisoma mpaka mwisho huenda mkabaki na maswali tu, angalau mpate hili. Chai ya karaki majani huchemka na maji kwanza. Hiliki ipondwe pamoja na maganda yake. Maziwa ya kopo huingia mwisho, na yakishaingia usibanduke. Mimi siku yangu ya kwanza niliyatia maziwa kisha nikaenda dirishani kutazama magari yalivyokuwa madogo huko chini. Niliporudi pantri ilikuwa moshi mtupu, na kengele ya moto inalia. Watu wa jengo zima waliteremka ngazi kwa miguu, mabosi kwa wasafishaji, kwa sababu ya sufuria moja yangu mimi, Mishi.

Nilikaa kwenye ukingo wa maegesho ya magari nikilia. Akaja mzee mmoja wa kanzu nyeupe, kofia ya viua, akakaa karibu yangu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Walilia nini? Leo ofisi nzima imekujua kwa siku moja. Mimi kujulikana kulinichukua miaka."

Huyo ndiye Ami Salum. Ni Mzanzibari wa zile familia zilizohamia Dubai zamani, na kazi yake ofisini ilikuwa umandubu, yaani yeye ndiye aliyezunguka kwenye maofisi ya serikali kufuatilia viza na vibali vya wafanyakazi wote. Hakuna mlango wa serikali asioujua. Kuanzia siku ile nikamwita ami, naye akaniita mwanangu, na akanifundisha mambo ambayo hakuna wakala atakayewafundisha nyinyi. Kwa mfano, mkutanoni usianze kumpa chai bosi. Anza na aliyekasirika kuliko wote, kwa sababu mtu aliyeshika kikombe cha moto hawezi kupiga meza. Jambo lingine, bisha hodi mara mbili, halafu ingia bila kungoja jibu, maana ukingoja utangoja mpaka chai ipoe. Ukishaingia mara ya tatu watakuzoea kama walivyoizoea eisii ukutani. Watasema yote mbele yako.

Na hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia, kwamba nilisikia.

Kampuni yetu ilikuwa ya mambo ya maji, makao yake makuu Johannesburg. Kutoka huko akaletwa injinia mmoja, Mzulu, mrefu, mpole, jina lake Themba. Alikuja kushughulikia kazi za upande wa Hatta, kule milimani kwenye bwawa. Sir Themba alikuwa na pete kidoleni, na alikuwa anaosha kikombe chake mwenyewe. Kwa mtu wa pantri hiyo ni sifa kubwa kuliko digrii.

Sisi watu wa pwani mnatujua. Mwanamume ana pete, humuachi hivi hivi bila kumsalimia mkewe. Kila Ijumaa kabla ya kutoka nikawa namwambia, "Sir, nisalimie madam." Naye anatabasamu, "Zitafika." Jumatatu namuuliza, "Zilifika?" Anasema, "Zilifika, na nimeulizwa Mishi ni nani." Basi tukaendelea hivyo karibu mwaka mzima, mimi natuma salamu, yeye anapeleka.

Ofisi ilipokwenda Hatta kutembea, kila mtu na familia yake, mimi nilipakua sahani ya pilau nikaifunika, ya madam wa Sir Themba, nikidhani safari hii atakuja. Watoto wa watu wanakimbizana kando ya maji, wake za watu wanapiga picha, Sir Themba anakuja peke yake na kofia ya jua.

"Madam haji?" nikamuuliza.

Akaitazama ile sahani. "Figo, Mishi. Kila baada ya siku mbili mashine inasafisha damu. Hakuna kusafiri."

Nikasikitika kweli. Kuanzia hapo nikawa namwombea madam wake kwenye kila sala, jina silijui, nasema tu, Ya Rabi, mponye madam wa Sir Themba.

Sasa asubuhi moja naitwa kupeleka chai chumba cha mikutano. Wamo watu watatu: Madam Rima, Mlebanoni, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi, Ami Salum, na Sir Themba. Ukutani kwenye skrini yuko mwanasheria wa kampuni, mwanamke, anazungumza kutoka Johannesburg. Nikatazama nani amekasirika nianze naye. Wote wamekasirika. Nikaanza na Ami Salum kwa sababu ya umri.

Mwanasheria anasema, "Makao makuu yameshaamua. Mwenzi wa mfanyakazi anapata bima na tiketi, awe mwanamke au mwanamume. Themba na Lwazi wamefunga ndoa halali kwa sheria ya nchi yetu. Lwazi ni mumewe. Mlipombadilishia Themba mkataba mwezi uliopita na kumpa wa huko, mlimwondolea mumewe bima ya huku. Mwezi huu ukiisha, hospitali haitampokea."

Wadogo zangu, nilimtilia Ami Salum vijiko vitatu vya sukari, na Ami ana kisukari.

Mume. Nikawa nimesimama na birika mkononi. Kwa hiyo ile pilau, na zile Ijumaa zote. Nikamtazama Sir Themba, naye ananitazama mimi, kama mtu anayengoja kuona nitafanya nini na birika langu. Nikamjazia kikombe. Sikujua kingine cha kufanya.

Ami Salum akasema kwa upole, "Mama, nchi hii haina ndoa ya namna hiyo, na sheria inaikataza. Bima inapitia serikalini. Mimi nikiipeleka karatasi imeandikwa mume, bima haitatoka, na huyu kijana nitakuwa nimemshitaki kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mfanyakazi ni mmoja, haki ni moja," mwanasheria akasema. "Hatuwezi kuwa na haki inayobaki uwanja wa ndege."

"Haki mmeiandika huko. Huku ataishi nayo nani? Wewe au yeye?"

Madam Rima akashika kichwa. "Kule sheria inanivuta mkono huu, huku sheria inanivuta mkono huu. Yalla, tupumzike kidogo. Mishi, chai zaidi."

Chai zaidi maana yake mimi nirudi pantri, na pantri nikamkuta Wasswa amekuja kutafuta sukari. Wasswa ni askari wa mlangoni, Mganda, mtu wa kanisa, anaishi kwenye mabweni ya Muhaisnah kama mimi. Ana sauti kubwa na roho ndogo ya kuku. Akiona mende anaruka juu ya kiti. Nikamwambia. Sikupaswa, lakini kifua kilikuwa kimejaa. Jina sikulitaja, nikasema tu kuna bosi mmoja.

"Ah ah, sista! Mambo ya Wazungu hayo."

"Si Mzungu."

Akatua kikombe. "Mwafrika? Kama mimi na wewe?"

"Mweusi kukushinda."

"Mungu saidia." Akatembea hatua chache, akarudi. "Sasa nisikilize. Mimi niko na mke wa kanisa. Pete ipo, picha za arusi zipo, padri bado yuko hai umuulize. Watoto watatu. Nani amewahi kukaa kikao kwa ajili ya mke yangu? Na skrini? Na chai? Mshahara wangu hauruhusu hata kuomba viza yake. Hakuna aliyesema Wasswa ana haki. Huyo wanamfanyia mkutano!"

"Lakini mtu wake anakufa, Wasswa."

"Na mke yangu alizaa peke yake, nusura afe. Alikuwa anacheza?"

Mnajua ile hali ya mtu kusema jambo ambalo ni kweli, na lile ulilosema wewe nalo ni kweli, na hayo mawili hayataki kukaa kwenye sinia moja? Nilibaki nimeinamia birika. Akaona sura yangu, akalainika.

"Basi. Sisemi afe. Nasema hivi, mimi nimechanganyikiwa na nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Nipe hiyo sukari."

Ikaingia Adhuhuri. Nikaenda kusali kwenye kile chumba kidogo cha wanawake. Nilipofika mahali pa kumwombea madam wa Sir Themba, ulimi ukasimama. Nimwombee nani sasa? Dini yangu naijua, sikulelewa nje ya madrasa. Lakini mgonjwa ni yule yule wa jana, figo ni zile zile. Nikakaa pale mpaka mtu mwingine akataka nafasi. Nikasema, Ya Rabi, wewe unajua nilikuwa namwombea nani, na nikainuka upesi kabla sijaulizwa zaidi. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa dua au ilikuwa kukwepa.

Nikarudi na chai ya pili. Madam Rima alikuwa amepata wazo.

"Sikilizeni. Tusiseme mwenzi kabisa. Tuifute hiyo sehemu. Kila mfanyakazi wa kampuni, kuanzia bosi mpaka pantri, ataje mtu mmoja wa kwao anayemtegemea. Mama, kaka, jirani, yeyote. Kampuni itamlipia matibabu huko huko aliko, nje ya bima ya hapa. Hakuna viza, hakuna serikali. Ila wahasibu watataka kujua huyo mtu ni nani wako. Themba akisema rafiki, khalas, Lwazi anatibiwa kesho."

Ami Salum akapumua. "Hilo nalibeba. Rafiki hana kosa nchi yoyote."

Mwanasheria hakupumua. "Themba, nataka uelewe. Ukikubali kumwita rafiki, atakayekuja baada yako naye atalazimika kusema rafiki. Umelalamika kwetu ili aitwe mumeo. Tukiikataa njia hii, tutaendelea kulipigania neno mume."

"Mpaka lini?" Sir Themba akauliza.

"Sijui. Sitakudanganya."

"Lwazi ana wiki mbili."

"Najua."

Sasa mimi, wadogo zangu, semeni mtakavyo, katika yote yale nilikuwa nimeshika neno moja tu: mpaka pantri. Mama yangu hapa Likoni ana presha, miguu inamvimba, na dawa zake alikuwa anazimeza nusu nusu ili zikae siku nyingi. Kila mfanyakazi mtu mmoja! Nikatoka kwenye kile chumba kinyumenyume, nikaliacha birika mezani pantri, nikaingia kwenye lifti huku nacheka peke yangu.

Mlangoni nikampita Wasswa. "Sista, moto tena?"

"Mama yangu atapata matibabu! Kampuni nzima, kila mtu na mtu wake mmoja!"

"Eh! Na mimi?"

Nikasimama. Wasswa alikuwa ameletwa na kampuni nyingine ya ulinzi. Alilinda mlango wetu lakini hakuwa wetu. Aliisoma sura yangu tena, akasogea akanifungulia mlango. "Nenda, sista. Nenda, usichelewe," akasema, na yeye hakucheka.

Jirani na jengo letu kulikuwa na duka la Waomani la halua. Kwetu habari njema haipiti hivi hivi, lazima watu waonje kitu. Nikachukua bakuli kubwa, halua bado ya moto, imejaa lozi. Nikapanda, nikapika kahawa chungu, nikapanga vile vikombe vidogo visivyo na mkono, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umeshapaa, nikamiminia sinia matone ya marashi ya mawaridi. Hodi mara mbili. Nikaingia.

Walikuwa bado wanangoja jibu la Sir Themba. Nikaweka sinia katikati ya meza, mbele ya Sir Themba.

Ami Salum alikuwa wa kwanza kusikia harufu. Akainuka nusu, kofia ikamtelemka.

"Mishi! Hiyo nini?"

"Halua, ami."

"Naiona halua! Na kahawa, na marashi! Mtoto wewe, hapa pana akdi? Umetuletea ndoa?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Chumba kizima kilikuwa kimeshinda tangu asubuhi kikitafuta namna ya kutolitamka neno moja, na mimi nimeingia nalo kwenye sinia, lina lozi.

"Si hivyo, ami! Ni ya mama yangu! Nimefurahi kwa ajili ya mama yangu!"

"Kuna nini?" mwanasheria anauliza kwenye skrini. "Mbona siwasikii vizuri?"

"Hiki ni chakula gani?" Sir Themba akauliza.

Madam Rima akamtazama Ami Salum. Ami akairekebisha kofia yake, akakaa, akajibu kwa adabu yake ile ile. "Kwetu, injinia, watu wakioana, baada ya kusomwa maneno, huletwa hii. Wote waliohudhuria huonja. Ndio huwa mashahidi wenyewe."

Nilidhani Sir Themba atakasirika. Alicheka. Alianza kidogo, kisha kwa mabega, mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa tai yake, na akaendelea kujifuta baada ya kicheko kuisha.

"Sisi tulikula keki," akasema. "Wajomba zangu wawili walikuja. Wawili hawakuja."

Akamega halua kwa vidole, kama mtu wa Likoni kabisa. Akatafuna polepole. Halafu, Wallahi sikutarajia, Ami Salum naye akanyoosha mkono, na kisukari chake, akamega kipande kidogo kama punje ya mahindi, akatia mdomoni bila kumtazama mtu. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Halua ya mama yako, mwanangu. Ningeiachaje?" Nikataka kumuuliza tena, akavaa viatu akaenda zake.

Madam Rima akasubiri. "Themba. Nahitaji jibu."

Sir Themba akameza. Akaitazama pete, akaizungusha mara moja.

"Rafiki," akasema. "Waambie ni rafiki yangu."

"Naheshimu," mwanasheria akasema. Skrini ikawa nyeusi.

Mimi nilikuwa nimebeba furaha ya mama yangu mkononi na sikujua niiweke wapi. Kama angekataa, pengine na mama yangu asingepata. Kwa hiyo nilishangilia? Nilishangilia kitu gani? Mtu amesema uongo ili mgonjwa wake aishi, na uongo ule ule ndio unamnunulia mama yangu dawa nzima nzima. Kuna wasichana huniuliza, da Mishi, sasa nani alikuwa na haki? Mwanasheria, au Ami Salum, au Wasswa mlangoni? Mimi nawaambia niulizeni habari za hiliki.

Nikakusanya vikombe nikarudi pantri. Muda si mrefu Sir Themba akaingia, kikombe mkononi, akaenda kwenye sinki kukiosha. Simu yake ikalia. Akaitazama, akanitazama mimi, akaiweka sikioni kwa mkono uliojaa povu.

Sauti ya upande wa pili nilikuwa naisikia, sauti ya mtu aliyechoka lakini anajitahidi kuchangamka. "Wamesemaje?"

"Wamekubali," Sir Themba akasema.

"Wamekubali! Wamekubali kabisa? Wameandika jina langu?"

"Jina lako limeandikwa."

"Kama mumeo?"

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika. Hakuyafunga. Nikatua kitambaa changu, nikatoka, nikavuta mlango wa pantri ukajifunga nyuma yangu, nikasimama mbele ya mlango kama Wasswa. Akaja mhasibu anataka chai. Akaja dereva. Akaja Madam Rima mwenyewe na kikombe chake kitupu. Wote niliwaambia maji bado hayajachemka.